Kitabu cha Wageni, Bwawa la Kiuyu

Mimi ndiye katibu, kwa hiyo kalamu ni yangu.
Nimeifunga kwa uzi wa nyavu kwenye msumari wa banda,
maana ya kwanza iliondoka na mgeni wa tatu
na ya pili na mhasibu wake.
Tarehe. Jina. Atokako. Maoni. Saini.
Mistari niliipiga mwenyewe, kwa rula ya skuli ya mwanangu.

Ukurasa wa mwanzo umemwagikiwa chai:
siku ya kukata utepe, gari saba nyeupe,
sambusa mia mbili, na Sichana Faki
aliyelichimba bwawa hili kwa jembe miezi minne
akakosa kiti.
Maoni: Kazi nzuri. Kazi nzuri. Nimefurahi sana.
Kina mama oyee.
Na mmoja, kwa mwandiko wa daktari:
Choo kiko wapi?

Kisha kurasa za pampu.
Ilikuja ndani ya sanduku kubwa kuliko jiko la Bikombo
(na Bikombo alilichukua sanduku, akafugia kuku).
Ilinguruma miezi mitano. Kikakatika kipete cha mpira,
hakizidi pete ya kidole gumba.
Nikaandika barua Wete, Wete wakaandika Unguja,
Unguja wakaandika huko kunakoandikiwa,
na jibu likaja mtu, si kipete.
Akatupima uelewa, siku mbili.
Tukapewa madaftari na posho ya nauli,
nasi twakaa hapa hapa.

Nisiseme uongo. Posho niliipokea. Nilinunua mchele.

Morita: jina lake hili, herufi kubwa kubwa kama za mtoto.
Atokako akaandika Kiuyu, akacheka peke yake.
Huyu alikesha bandani usiku wa bamvua,
tope mapajani, tochi mdomoni,
akihesabu vifaranga vya mwatiko
tulivyovikokota kwa chandarua cha mradi mwengine,
ule wa malaria.
Kiswahili chake maneno matatu: maji, bado, pole.
Kwa matatu hayo tulijenga lango,
mbao na kamba ya usumba,
bahari ijaze yenyewe, itoke yenyewe,
isidai kipete.
Penye Maoni hakuandika neno. Alichora lango,
mshale unaoingia, mshale unaotoka,
na chini yake alama ya kuuliza.
Mpaka leo sijui aliuliza nini.

Mradi ulifungwa mwezi wa sita. Wao walisema
tumekabidhiwa.
Kipima chumvi kimekufa betri;
Sichana huchota kwa kiganja, huonja, hutema:
"Mvua imetuzidi leo. Fungueni."
Hakosei sana. Alikosea mara moja, mwaka jana,
tukazika samaki mia tatu kwenye mchanga,
hakuna aliyesema neno hata tulipofika nyumbani,
wala hapakuwa na wa kumwandikia.
Kulastara ndiye haachi kuja. Kila alfajiri, mguu mmoja,
hasaini, na hula kuliko wageni wote.

Juzi tumevua. Kilo themanini na kitu
kwa mizani ya duka la Mize Shaame,
ambayo sote twajua inaiba kidogo.
Sitini zimekwenda Konde kabla barafu haijayeyuka.
Zilizobaki zimegawiwa mitaani, nyingi kwa mkopo,
na mkopo unataka daftari.

Kurasa tupu zilikuwa nyingi.
Nimekigeuza kitabu, nimeanzia nyuma.
Mistari ni ile ile, Atokako sikuifuta,
watu wananiuliza waandike nini.

Sichana Faki. Kiuyu. Samaki wanne. Atalipa mwani ukikauka.
Mize Shaame. Kiuyu. Wawili, wadogo. Kalipa mmoja.
Bikombo. Kiuyu. Mmoja.
Ameleta mayai sita badala ya saini.